Kitabu cha Lindo

Sumu iliwekwa kwa ajili ya panya.
Aliyekufa ni paka aliyekuwa akiwala.
Nilimkuta alfajiri kando ya ghala namba nne, Kizota,
mdomo wazi, chuchu zimejaa,
nikajua: humu ndani kuna watu wanasubiri.

Watu. Ndivyo nilivyosema.

Nikafuata sauti hadi nyuma ya magunia ya mtama.
Wanne. Watatu walishapoa kama vikombe vya jana.
Wa nne hakujaza kiganja,
macho yamefumbwa, masikio yamelala,
kitovu kinaning'inia kama uzi
ambao fundi cherehani amesahau kuukata.

Ulikuwa mwezi wa saba. Upepo wa Dodoma unaujua:
unapita koti, unapita ngozi,
unaiuliza mifupa jina.

Bwana Chilongani wa mifugo alinitazama kuanzia buti hadi kofia.
"Ya ng'ombe yatamharisha. Tafuta ya mbuzi.
Tumia bomba la sindano, sindano yenyewe itupe.
Mlaze kifudifudi; ukimlaza chali kama mtoto wa mtu
maziwa yataingia mapafuni.
Mpashe joto kwanza, tumbo la baridi halisagi kitu.
Kila saa mbili. Na usiku."
Nikamwambia, usiku ndio kazi yangu.
La mwisho alilisema akitazama dirishani:
pamba, maji ya uvuguvugu, umfute huko nyuma
kama ulimi wa mamaye,
la sivyo hatajua kukojoa.

*Saa nne. Lango limefungwa. Amekunywa nusu bomba.*
*Saa sita. Bati la ghala namba mbili linapigapiga. Amekataa.*
*Saa nane. Hali shwari. Amekojoa.*
*Saa kumi. Chupa ya maji ya moto imepoa. Nimemtia ndani ya sweta.*
*Ananyonya kifungo cha sare.*

Msimamizi wetu, Malogo, hukagua kitabu kila Ijumaa.
"Saa nane, amekojoa. Nani huyu?"
Nikakaza miguu.
"Mlinzi mwenzangu, bosi."

Mchana nilikwenda naye nyumbani ndani ya boksi la sabuni.
Perisi aliacha kuchambua choroko,
akatazama mikono yangu inavyosukuma bomba,
tone, ngoja ameze, tone,
akasema bila hasira, na hapo ndipo paliponichoma:
"Kumbe unajua."

Tuna watoto watatu. Foibe, Yoeli, na Nyemo kitinda mimba.
Usiku wao wote nilikuwa Kizota nalinda mahindi.
Meno yao, kikohozi chao, homa iliyomkosakosa Yoeli,
nilisimuliwa asubuhi nikivua buti,
kama mtu anayesomewa barua ya jirani.
Sikumjibu Perisi.
Nilikuwa na pamba mkononi.

Usiku wa tano alilegea.
Nikampaka glukosi kwenye ufizi kwa kidole kidogo,
nikazunguka naye ghala hadi ghala
nikihesabu kufuli kwa sauti,
moja, mbili, tatu,
asikie tu kwamba kuna mtu.
Kufuli ziko kumi na tisa. Nilizihesabu mpaka mia mbili na zaidi.
Kitabuni usiku ule sikuandika chochote.

Siku ya kumi jicho la kushoto likapasuka, ufa mwembamba,
la kulia likaja kesho yake.
Rangi ya moshi wa kuni mbichi.
Alitazama tochi. Sidhani kama mimi aliniona.

Sasa anapanda magunia, amevunja kikombe cha Malogo.
Sumu nimegoma kuiweka. Nimeandika, nikapigia mstari mara mbili.

Jana Foibe amepiga simu kutoka Manyoni.
Mtoto wake ana siku kumi na moja, halali,
na yeye mwenyewe halali, baba, nimechoka.
Nikamwambia, mlete. Nitaomba likizo.
Usiku niachie mimi.

Akanyamaza,
mpaka nikadhani salio limekwisha.